Droni ya kwenye simuleta inapogoma: dalili, chanzo na cha kufanya (ArduPilot, PX4, Gazebo, FlightGear)

Wakuu, kabla hujagusa parameta (namba za mipangilio ya otopailoti) hata moja elewa kwanza kwamba hapo kwenye mashine yako hakuna simuleta moja, kuna programu tatu au nne zinazoongea. Kuna otopailoti yenyewe, ArduPilot au PX4, ambayo imekompailiwa iendeshwe kwenye kompyuta badala ya kwenye bodi, hii ndo wanaita SITL (Software In The Loop). Kuna anayepiga hesabu za fizikia, uzito, upepo, msukumo wa mota, ambaye anaweza kuwa ndani ya SITL hiyohiyo au akawa JSBSim au Gazebo. Kuna anayechora picha, FlightGear au dirisha la Gazebo. Kuna kituo cha ardhini, MAVProxy au QGroundControl au Mission Planner, afu juu ya hao wote kuna skripti yako ya Python ambayo ndo inatakiwa iiongoze droni bila mtu kushika rimoti. Wote hawa wanaongea kwa MAVLink (lugha ya ujumbe ya droni) na kwa poti za mtandao ndani ya mashine hiyohiyo.

Kwa hiyo mtu akisema "simuleta imezingua" bado hajasema kitu. Swali ni nani hasemi na nani hasikii. Ukishalijibu hilo ndo uende kwenye parameta, la sivyo utachezea PID (namba zinazotuliza urukaji) usiku kucha wakati kumbe ni poti tu imekaliwa na programu uliyoisahau wazi.

Mifano mingi hapa ni ya ArduPilot maana inaenda hata kwenye mashine nyonge isiyo na kadi ya grafiki, PX4 nitaigusa pale inapotofautiana.

Haitaki hata kukompaili

Ukiona `Killed signal terminated program cc1plus` usianze kutafuta kosa kwenye msimbo, hapo RAM imeisha na Linux imeamua kumuua kompaila. Ni kawaida kwa mashine za GB 4. Funga kivinjari, afu punguza kazi zinazoenda sambamba, `sim_vehicle.py -v ArduCopter -j 1` (hiyo ni skripti ya ArduPilot inayokompaili na kuwasha SITL) au `./waf copter -j1` ukiwa unakompaili mwenyewe. Itachelewa ila itafika. Ukiweza ongeza swap.

Ukiona inalalamika faili fulani halipo, hasa ndani ya folda ya `modules`, hapo shida ni daunlodi. ArduPilot na PX4 zote zina hazina ndogondogo ndani yake ambazo git inazivuta moja moja, sasa ukiwa unatumia bando la simu na mtandao unakatika katikati folda inabaki nusu. Usifute uanze upya ukachoma bando mara mbili. Ingia ndani ya folda na piga `git submodule update --init --recursive`, ikikatika piga tena, zile zilizokwisha haizirudii. Na tafadhali usidaunlodi ile ZIP ya GitHub kwa kudhani umerahisisha mambo, ZIP haibebi hizo hazina ndogo kwa hiyo haitakompaili hata uifanyeje.

`sim_vehicle.py: command not found` baada ya kuinstoli kila kitu vizuri mara nyingi ni kwamba teminali haijasoma mazingira mapya, piga `. ~/.profile` au toka uingie tena. Kwenye Ubuntu za karibuni ile skripti ya kuinstoli inaweka vitu vya Python kwenye `~/venv-ardupilot`, kwa hiyo ukikutana na `externally-managed-environment` wakati wa kupiga pip usilazimishe kwa nguvu, washa hiyo venv kwanza ndo uendelee.

"link 1 down", au skripti imekaa inasubiri HEARTBEAT mpaka unalala

HEARTBEAT ni ujumbe mfupi ambao otopailoti inautuma kila mara kusema ipo hai. Hapa ndo watu wengi wanakwama, na chanzo si kimoja.

Cha kwanza, SITL yenyewe imekufa na wewe unaangalia MAVProxy inayosubiri maiti. `sim_vehicle.py` inafungua otopailoti kwenye dirisha lake dogo la xterm, kama hauna xterm maneno yake yanaandikwa kwenye `/tmp/ArduCopter.log`. Fungua hapo usome. Mara nyingi utakuta inalia kwamba poti 5760 tayari ina mtu, maana yake ile ya asubuhi haikufa vizuri bado inaendelea chinichini. `pkill arducopter` uanze upya.

Cha pili, poti mmegombania. SITL inafungua TCP 5760 ambayo MAVProxy anaichukua yeye mwenyewe, afu MAVProxy anasambaza kwa UDP 14550. QGroundControl kwa kawaida anakaa anasikiliza 14550. Sasa na skripti yako nayo umeiandikia 14550, basi mmoja wenu ndo atapata na mwingine atabaki ameduwaa bila ujumbe wowote wa maana. Ipe skripti 14551 kwa kuongeza `--out=127.0.0.1:14551`, au uende moja kwa moja kwa `tcp:127.0.0.1:5762`, hiyo ni mlango wa pili wa SITL na haupiti kwa MAVProxy. Mimi napendelea hiyo ya 5762 kwa sababu inakupunguzia mtu mmoja wa kumshuku. Kwenye PX4 mpangilio ni mwingine, 14550 ni ya kituo cha ardhini na 14540 ndo ya skripti, MAVSDK au MAVROS.

Ukiendesha droni zaidi ya moja, kila `-I` unayoongeza inasogeza poti kwa 10, kwa hiyo ya pili itakuwa 5770, 14560 na kuendelea. Na kumbuka kuzipa namba tofauti za SYSID, zikiwa zote na 1 kituo cha ardhini kitaona droni moja inayorukaruka kama ina majini.

Cha tatu ni wale wa Windows na WSL2 (Linux inayoendeshwa ndani ya Windows). WSL2 ina anwani yake ya mtandao, 127.0.0.1 ya ndani ya Linux siyo ile ya Windows. Mission Planner iliyoko upande wa Windows inaweza isisikie kitu mpaka uielekeze SITL kwenye anwani ya Windows, `--out=udp:ANWANI:14550`, na firewall ya Windows nayo iruhusu. Anwani hiyo utaipata kwa `ip route` ndani ya WSL, ile ya "default via".

Cha nne, DroneKit, maktaba ya Python ya kuongoza droni. Mafunzo mengi ya zamani yanaitumia, na ukiiendesha kwenye Python 3.10 kupanda inakufa na `module 'collections' has no attribute 'MutableMapping'`. Unaweza kuiziba kwa kuhariri faili lake, lakini kwa nini? Haijatunzwa muda mrefu. Anza na pymavlink au MAVSDK, hata kama itabidi uandike mistari mingi zaidi.

Imeunganika lakini mota haziwaki

Soma kinachoandikwa kwenye konsoli baada ya neno `PreArm:`, basi. Otopailoti inakwambia kabisa inachokosa. Sekunde za mwanzo baada ya kuwasha SITL ni kawaida kukataa, GPS ya bandia inatakiwa ipate setilaiti zake na EKF (hesabu inayokadiria droni ipo wapi) itulie. Subiri uone `EKF3 IMU0 is using GPS`. Skripti nyingi zinafeli hapa kwa sababu zinatuma amri ya kuwasha mota mara moja tu sekunde ya pili, inakataliwa, afu zinaendelea na amri ya kupaa kana kwamba kila kitu kipo sawa. Andika kitanzi kinachojaribu tena na kinachosoma jibu la COMMAND_ACK, usitume amri ukageuka.

Utakutana na ushauri wa kuweka `ARMING_CHECK 0`. Inafanya kazi ndiyo, ila sasa umezima mdomo wa mtu pekee aliyekuwa anakwambia ukweli, na siku ukihamisha parameta zako kwenda kwenye droni ya chuma na panga zinazozunguka kweli utaenda nayo hiyo 0.

Kama jana iliruka na leo haitaki na hujagusa kitu, angalia umeianzisha ukiwa folda gani. Parameta zinahifadhiwa kwenye faili la `eeprom.bin` ndani ya folda uliyosimama wakati wa kuanzisha, folda nyingine ni parameta nyingine. Na ukiwa umerusha ndege ya mabawa kwenye folda hiyo afu ukaja na kopta hapohapo mambo yanaweza kuchanganyika. Ongeza `-w` mara moja ifute ianze safi, ila usiiache `-w` kwenye amri kila siku maana itakufutia na ulizoweka mwenyewe. PX4 kwenye konsoli yake ya `pxh>` unapiga `param reset_all` afu unaanzisha upya.

PX4 mpya pia zinakataa kuwasha mota kama hakuna kituo cha ardhini kilichounganishwa. Fungua QGroundControl, au kama unataka skripti peke yake, `param set NAV_DLL_ACT 0`.

Mota zinawaka, zinazunguka, zinazima zenyewe

Hiyo siyo hitilafu. Kopta ikiwashwa na isipopaa, baada ya sekunde 10 inajizima, `DISARM_DELAY` ndo inaamua. Kama wewe unaandika kwa mkono `mode guided` (mode ya kuongozwa kwa amri), `arm throttle` afu unakwenda kutafuta amri ya kupaa kwenye daftari, utarudi ukute imezima. `takeoff 10` iandae kabisa.

Ndugu yake ni ile ya AUTO, mode ya kufuata misheni: umepakia misheni (orodha ya vituo), umeweka mode AUTO, mota zinazunguka tu chini. Kopta ya ArduPilot ikiwa ardhini kwenye AUTO inasubiri mtu apandishe throttle, ndo maana kwenye MAVProxy ukipiga `rc 3 1500` inaondoka. Kwa droni inayotakiwa ijiongoze yenyewe tuma amri ya MISSION_START, au weka `AUTO_OPTIONS 3` iruhusu kuwashwa na kupaa ndani ya AUTO bila throttle. Ndege ya mabawa haina tabia hii.

Droni imetokea nchi nyingine

Usipotaja sehemu, ArduPilot inakuweka Australia, kwenye uwanja wa klabu ya ndege ndogo pale Canberra, PX4 nayo inakuweka Zurich, Uswisi. Hiyo ni sawa. Shida inaanza ukitaka nyumbani.

Dar es Salaam ni latitudo -6.8, longitudo 39.2. Ukisahau ile alama ya kutoa droni itakuwa kusini mwa Ethiopia. Ukigeuza, ukaanza na longitudo kama zinavyofanya baadhi ya ramani na faili za GeoJSON, utajikuta Hispania karibu na mpaka wa Ureno. Inachekesha mpaka pale misheni yako ina vituo vya Dar na droni imezaliwa Hispania, ikiambiwa nenda kituo cha kwanza inaanza kweli safari ya maelfu ya kilomita, na wewe unaona tu inatoka nje ya ramani kwa mstari ulionyooka. Ukiona mstari ulionyooka usioisha angalia koordineti kwanza.

Weka sehemu zako kwenye `~/.config/ardupilot/locations.txt`, kila mstari `JINA=latitudo,longitudo,mwinuko,uelekeo`, afu unaita kwa `-L JINA`. Kwa mara moja tu tumia `--custom-location=-2.4444,32.9326,1147,0`, huo ni uwanja wa ndege wa Mwanza. PX4 inasoma `PX4_HOME_LAT`, `PX4_HOME_LON` na `PX4_HOME_ALT`.

Inapaa vizuri, ikifika kituo cha kwanza inapiga chini

Hii nataka tuikalie kidogo kwa sababu ni tatizo linalojificha, na linajificha vizuri zaidi kwa watu wa pwani.

Mwinuko kwenye MAVLink una maana zaidi ya moja. Kuna mwinuko kutoka usawa wa bahari na kuna mwinuko kutoka pale ulipoondokea. Kipi kinatumika inategemea namba ya fremu inayoambatana na kituo. Fungua faili la misheni kwa kihariri cha kawaida, utaona mistari kama huu:

`2 0 0 16 0 0 0 0 -2.4400 32.9350 50 1`

Hesabu kutoka kushoto. Namba ya kwanza ni ya mstari, ya tatu ndo fremu, ya nne ni amri (16 ni kituo, 22 kupaa, 20 kurudi nyumbani), ya tisa na ya kumi ni koordineti, ya kumi na moja ni mwinuko. Hapo fremu ni 0, maana yake mita 50 kutoka usawa wa bahari. Ingekuwa 3 ingekuwa mita 50 juu ya pale ulipoondokea.

Sasa chukua misheni yenye fremu 0 uirushe uwanja wa Zanzibar, ambao upo mita 16 hivi juu ya bahari. Droni itaruka mita 34 juu ya ardhi badala ya 50. Hakuna atakayeshtuka, kwenye ramani inaonekana inazunguka vizuri, unampigia simu mwenzako unamwambia skripti imekaa poa. Yeye yupo Mwanza, anabadilisha koordineti tu, nyumbani ni mita 1147. Droni inapaa mita 10, inasoma kituo cha kwanza, inaambiwa iende mita 50 kutoka baharini yaani mita 1097 chini ya udongo wa Mwanza, na inatii. Konsoli inaandika `Hit ground` na kasi iliyogonga nayo. Nairobi ingekuwa mbaya zaidi, kule ni zaidi ya mita 1600.

Kinyume chake kipo pia. Mtu anasoma mwinuko wa Mwanza kwenye ramani, anaandika 1200 kwa nia ya mita 50 na ushee juu ya ardhi, lakini fremu ni 3. Droni inapanda kilomita nzima na ushee mpaka betri ya bandia inaisha.

Kwenye amri za moja kwa moja kama SET_POSITION_TARGET_GLOBAL_INT namba ni nyingine, 5 ni usawa wa bahari na 6 ni kutoka nyumbani. Na ukisoma GLOBAL_POSITION_INT kumbuka `alt` na `relative_alt` zinakuja kwa milimita, latitudo na longitudo zimezidishwa mara 10000000. Skripti inayolinganisha `relative_alt` na 10 itaamini imefika juu ikiwa sentimita moja tu kutoka chini, na hapohapo inatuma kituo kinachofuata droni ikiwa bado imelala kwenye majani.

Nashauri ukijaribu skripti yoyote ijaribu sehemu mbili, moja ya baharini na moja ya bara juu. Haikugharimu bando lolote.

Nimeiambia ipande, inashuka. Nimeiambia kaskazini, inaenda mashariki

MAVLink inatumia mhimili wa NED: x ni kaskazini, y ni mashariki, z ni CHINI. Kwa hiyo kupanda mita 10 ni z = -10. Ukiandika 10 umeiagiza ichimbe. Gazebo na ROS wao wanatumia ENU, x mashariki, y kaskazini, z juu, na MAVROS anakugeuzia mwenyewe katikati. Maana yake msimbo uleule ukiuhamisha kutoka pymavlink kwenda MAVROS bila kubadilisha, droni inazama na mraba uliouchora unatoka umegeuzwa kama kwenye kioo. Chagua njia moja uandike juu kabisa ya faili lako ni mhimili upi.

Jirani yake ni `type_mask`, namba iliyomo kwenye ujumbe wa SET_POSITION_TARGET. Kila biti iliyowashwa inamaanisha "hiki kipuuze", watu wanadhani ni kinyume. Kwa nafasi peke yake ni 3576, kwa kasi peke yake ni 3527. Ukituma 0 umesema usipuuze chochote, nafasi na kasi na mchapuko vyote vifuatwe, na hapo usishangae ikifanya vituko au ikikaa kimya.

Kitu kingine kidogo: LOCAL_NED kwenye ArduPilot inapimwa kutoka asili ya EKF, pale ilipotulia mara ya kwanza, siyo lazima iwe nyumbani. Kama umehamisha nyumbani katikati ya safari, vitatofautiana.

Inakwenda kidogo inasimama, inakwenda kidogo inasimama

Ukiiongoza kwa kasi kwenye GUIDED, ArduPilot inakutaka uendelee kutuma. Sekunde 3 zikipita bila amri mpya inasimama, ni `GUID_TIMEOUT`. Hakuna ujumbe wa kosa, inasimama tu kwa heshima zake. Tuma mara kadhaa kwa sekunde.

PX4 ni mkali zaidi. OFFBOARD, mode yake ya kuongozwa na skripti, inataka mkondo wa amri zaidi ya mara 2 kwa sekunde na mkondo huo uwe umeshaanza sekunde nzima kabla hujaomba kuingia OFFBOARD, ukiomba kwanza ndo uanze kutuma itakukatalia. Ukikatika njiani inaingia kwenye hatua ya dharura. Kwa hiyo usiweke kwenye uzi mmoja kazi ya kutuma amri na kazi nzito kama kutambua picha za kamera, maana picha moja ikichukua nusu sekunde tayari umeshakosa. Tenganisha.

FlightGear: ndege imeganda, bahari tupu, au imezama ardhini

FlightGear ni mradi wa tangu miaka ya 1990 katikati na ina fizikia yake nzuri tu, ila hapa mara nyingi tunaitumia kama televisheni. Ukiianzisha kwa `fg_quad_view.sh` au `fg_plane_view.sh` zilizopo `Tools/autotest`, inaambiwa fizikia inatoka nje na isikilize UDP 5503. Ramani ya MAVProxy inasogea ila FlightGear imeganda? SITL haitumi. Matoleo mapya yanataka uongeze `--enable-fgview` kwenye `sim_vehicle.py`, mafunzo ya zamani hayana hicho kitu kwa sababu zamani ilikuwa inajituma yenyewe.

Kama inasogea lakini kila upande ni bahari ya bluu, mandhari ya sehemu hiyo haipo. Kifurushi cha kawaida kinakuja na eneo dogo tu, mengine yanavutwa na TerraSync ukiwa na intaneti. Ukitaka kuhakikisha angalia folda: mandhari yamekatwa kwa digrii moja moja na kuitwa kwa kona ya chini kushoto, Mwanza ni `e030s10/e032s03`, Zanzibar na Dar ni `e030s10/e039s07`, Nairobi `e030s10/e036s02`. Folda ikiwa tupu ndo jibu lako. Vuta mara moja ukiwa sehemu yenye WiFi, baada ya hapo inasoma kwenye diski.

Ndege ikiwa imezama nusu kwenye ardhi au inaelea mita kadhaa juu ya ranwei kabla hata ya kupaa, ni kwamba mwinuko uliompa SITL na mwinuko wa mandhari ya FlightGear havilingani. Rekebisha ile namba ya tatu ya sehemu yako mpaka magurudumu yaguse. Haiathiri urukaji hata kidogo, ni picha tu, kwa hiyo usiende kugusa PID kwa ajili ya hilo.

Ramani ya MAVProxy ikiwa kijivu tupu ni hivyohivyo, vigae havijadaunlodiwa, ukishaipitia mara moja na intaneti inavihifadhi. Na ikikataa kuwasha mota kwa kusubiri data ya mwinuko wa ardhi na huna mtandao, `TERRAIN_ENABLE 0`, mradi misheni yako haitegemei kufuata ardhi.

Gazebo: giza, kimya, au kobe

Angalia kwanza mwongozo unaoufuata ni wa Gazebo ipi. Ile ya zamani, Gazebo Classic, ilifikia mwisho Januari 2025, amri zake zinaanza na `gazebo`. Mpya ni `gz sim`. Ukichanganya maelekezo ya hizi mbili hutoboi.

Kwa ArduPilot: `gz sim -v4 -r iris_runway.sdf` kwenye teminali moja, `sim_vehicle.py -v ArduCopter -f gazebo-iris --model JSON --map --console` kwenye nyingine. Ile `-r` watu wanaiacha, bila hiyo dunia imesimama na SITL inasubiri data ambayo haiji, unaona MAVProxy haina uhai unadhani ni mtandao. Bonyeza kitufe cha kucheza chini kushoto. Droni ikionekana lakini haitii chochote, plagini haijapakiwa, `-v4` itakwambia, na dawa ni kuweka njia sahihi kwenye `GZ_SIM_SYSTEM_PLUGIN_PATH`. Modeli ikikosekana kabisa ni `GZ_SIM_RESOURCE_PATH`.

Dirisha jeusi au linajifunga lenyewe kwenye mashine ya zamani, jaribu `--render-engine ogre`. Na kama hauhitaji kamera, kwa nini uchore? `gz sim -s` inaendesha fizikia bila dirisha, PX4 unaweka `HEADLESS=1` mbele ya `make px4_sitl gz_x500`. Angalia ramani kwenye QGroundControl inatosha kabisa.

Kwangu inaruka, kwa mwenzangu skripti ileile inaanguka

Muda. Chini kulia kwenye Gazebo kuna asilimia, hiyo ni kasi ya dunia ya bandia ukilinganisha na saa ya ukutani. Ikiwa 40, basi `time.sleep(10)` yako imeipa droni sekunde 4 tu za kupaa, na skripti inaendelea na kituo kinachofuata droni ikiwa usawa wa paa la nyumba. Mashine ya mwenzako ikiwa inaenda kwa betri na Windows imepunguza nguvu inatosha kuleta hiyo hali. Kinyume chake ukiweka `--speedup 5` hizo sekunde 10 zimekuwa 50.

Toa kila `sleep` inayosubiri droni ifike mahali, weka kitanzi kinachosoma nafasi mpaka ifike, asilimia 95 ya mwinuko uliotaka inatosha. Ukihitaji kupima muda wenyewe tumia `time_boot_ms` iliyomo kwenye ujumbe wa droni, siyo saa ya Python. Na ile `GUID_TIMEOUT` ya sekunde 3 nayo inahesabiwa kwa saa ya droni: kwa `--speedup 10` ni sekunde 0.3 za ukutani, kwa hiyo skripti inayotuma kasi mara moja kwa sekunde, ambayo kwa mwendo wa kawaida ilikuwa inateleza bila shida, itaanza kushtukashtuka na mwenye nayo ataapa kwamba hajabadilisha hata herufi. Kweli hajabadilisha, ongeza tu mara za kutuma au uirudishe speedup kwenye 1.